Kulala msituni na farasi: kamba ya juu, hei na baridi ya Mufindi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuna farasi wawili na punda mmoja shambani kwetu, nje kidogo ya Mafinga. Mwishoni mwa Juni watoto wakiwa likizo tunataka kulala siku tatu kwenye eneo la kambi lililo ndani ya msitu wa misonobari, kama kilomita 18 kutoka nyumbani. Farasi hawajawahi kulala nje ya banda lao. Nimewaza niwafunge kwa kamba ndefu kwenye kigingi kama tunavyofunga ng'ombe, wale nyasi za hapohapo. Njiani tutapumzika kwa shemeji mwenye shamba la parachichi. Nibebe nini, na nijihadhari na nini? Na punda, abaki nyumbani?

JIBU: Marahaba. Kilomita 18 kwa mwendo wa kutembea, mkiwa na watoto na punda, ni kama saa nne, na farasi mwenye afya hazimsumbui. Mchana mtaumudu. Shida ya kambi ya farasi ni usiku: giza linaingia kabla ya saa moja, mnyama yuko mahali asipopajua, amefungwa, hana nyasi za kutafuna, na baridi inashuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili inahusu usiku.

Nianze na kigingi, maana hapo ndipo pa hatari zaidi. Ng'ombe akijinasa kwenye kamba husimama, au hulala akacheua akisubiri mtu. Farasi akihisi kitu kimemshika mguu hukimbia kwanza, kufikiri baadaye. Kamba ndefu iliyolala chini humzunguka mguu wa nyuma chini ya kifundo, naye akivuta, kamba inakata ngozi mpaka kwenye kano. Jeraha la mahali hapo halina nyama ya kulifunika, hupona kwa miezi, na wengine hawarudi kutembea sawasawa. Kumfunga moja kwa moja kwenye shina nako si suluhisho. Farasi asiye na la kufanya huparua ardhi kwa kwato, akafukua mizizi, na huzunguka mti mpaka kamba imemalizika na kichwa kimebanwa kwenye gome. Msonobari uliobanduliwa gome mzunguko mzima hufa, na askari wa misitu wana haki ya kuwafukuza.

Kinachofaa ni kamba ya juu: kamba moja iliyokazwa kati ya miti miwili juu ya vichwa vya wanyama, na kila mnyama ananing'iniziwa kamba yake fupi kutoka pale. Mnyama hawezi kuzunguka mti, hawezi kukanyaga kamba, na anapata nafasi ya kugeuka na kulala.

Nunua kamba ya manila ya unene wa milimita 12, mita 25. Chagua miti miwili iliyo hai, yenye kipenyo cha sentimita 25 au zaidi, iliyoachana kama mita 14. Ndani ya shamba la misonobari miti hupandwa karibukaribu, kwa hiyo hutaipata nafasi hiyo katikati ya mistari. Itafute ukingoni, kando ya barabara ya kuzuia moto au kwenye uwazi wa kambi yenyewe. Tazama juu kabla ya kufunga. Tawi kavu lililoning'inia huanguka usiku wa upepo, na mikaratusi ina tabia hiyo kuliko misonobari. Zungushia kila shina mkanda mpana wa sentimita 5 au zaidi. Mkanda wa kufungia mizigo ya lori unafaa sana; gunia la katani lililokunjwa mara nne linafaa pia. Kamba yenyewe isiguse gome.

Kimo cha kamba kiwe mita 2.1 hadi 2.4 kutoka ardhini. Ikaze sana: ukiishika na kuning'inia kwa uzito wako wote isishuke zaidi ya sentimita 30. Kamba ya manila hujikaza ikiloa na hulegea ikikauka, kwa hiyo ikague na kuikaza tena kabla ya kulala. Halafu weka vitanzi vitatu visivyoteleza, cha kwanza mita 3 kutoka kwenye mti, cha pili mita 4 kutoka hapo, cha tatu mita 4 tena. Kitanzi kinachoteleza kitawasogeza wanyama wote upande mmoja, wapigane mateke. Kwenye kila kitanzi tia pete ya chuma inayozunguka, ya aina ile ya mnyororo wa mbwa lakini nzito, ili kamba ya mnyama isijisokote.

Urefu wa kamba ya mnyama ndio watu wengi wanakosea. Iwe ndefu kiasi cha pua kufika chini kula hei (nyasi zilizokaushwa), isizidi hapo hata sentimita 20. Ikizidi, goti linapita juu ya kamba mnyama akiinama, na umerudi kwenye tatizo la kigingi. Ikipungua, hawezi kulala wala kushusha kichwa, na farasi anayekesha kichwa kikiwa juu hashushi makamasi ya kifuani. Mfunge kwa ile hatamu ya kichwani isiyo na lijamu, kamwe si kwa lijamu, maana akivuta atajikata ulimi. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja: zungusha kamba kwenye pete, tengeneza kitanzi, kisha pitisha kitanzi kingine cha ule mkia ndani yake. Na kwa kuwa hatamu za nailoni hazikatiki, unganisha hatamu na kamba kwa kitanzi cha uzi mmoja wa katani. Wako wanaopinga wakisema farasi atakatika na kupotea. Mimi naona farasi aliyepotea hutafutwa, ila aliyevunjika shingo hatafutwi. Kisu kikali kining'inizwe kwenye mti wa kamba, mahali pa kudumu, na kila mtu mzima akijue.

Yote hayo yafanyike nyumbani kwanza. Wiki mbili kabla ya safari funga kamba ya juu shambani, wafunge kwa muda wa saa mbili mchana wakiwa na hei, kesho yake kwa muda wa saa nne, kisha walale hapo usiku mitatu. Farasi ambaye hajawahi kulala nje ya banda, ukamfunga mara ya kwanza msituni kwenye giza, atakesha akiparua na kuita. Asubuhi mtampanda mnyama aliyechoka, na aliyechoka hujikwaa.

Sasa chakula. "Nyasi za hapohapo" hazipo. Chini ya misonobari iliyokomaa kuna sindano kavu na kivuli, karibu hakuna kinacholika, na mwishoni mwa Juni hata kwenye uwazi nyasi zimeanza kukauka. Juu ya hayo, tumbo la farasi linategemea vijidudu vya utumbo mpana vilivyozoea chakula fulani. Ukibadilisha ghafla vinakufa na gesi inajaa. Beba hei ileile anayokula nyumbani. Kama lazima ubadilishe, anza siku 7 hadi 10 kabla, ukichanganya kidogokidogo.

Kiasi kinategemea uzito, na uzito unapimwa kwa futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa 160 na urefu wa 145 anatoka kilo 312. Anahitaji hei kavu asilimia 2 ya uzito huo kwa siku, yaani kilo 6 na kidogo, weka 6.5 kwa sababu ya baridi na kazi. Punda mzima wa kilo 150 anatosheka na kilo 2.5. Farasi wawili na punda ni kilo 15.5 kwa siku, kwa siku nne ni 62, ongeza akiba ya siku moja inakuwa karibu kilo 80. Mzigo huo hauwezi kwenda mgongoni mwa punda. Utume kwa guta au bodaboda siku moja kabla, uwekwe juu ya magogo, ufunikwe turubai, umbali wa mita 15 au zaidi kutoka mahali pa moto.

Hesabu hiyohiyo ya uzito itakuudhi kwenye jambo jingine. Farasi abebe asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kwa farasi wa kilo 312 hiyo ni kilo 62. Tandiko likiwa na kilo 10, mpandaji asizidi 52. Yaani watoto wapande, baba atembee na kuongoza, au apande kwenye tambarare na kushuka kila penye kilima. Kuteremka ndiko kunakochubua mgongo zaidi, kwa kuwa tandiko husogea mbele.

Msiwape mahindi kama zawadi ya safari. Mahindi mengi kwa mkupuo, au pumba laini ndoo nzima, huleta msokoto wa tumbo na ule uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya farasi asimame kama anakanyaga makaa. Kubwa zaidi ni ukungu. Mahindi yaliyoota ukungu wa Fusarium, ambao hustawi kwenye mavuno yaliyonyeshewa shambani, yana sumu ya fumonisini inayoyeyusha ubongo wa farasi na punda. Mnyama huanza kuzungukazunguka, kusukuma ukuta kwa kichwa, kupofuka, na kufa ndani ya siku chache. Tiba haipo. Machicha na pumba za magunia yaliyoloa yana hatari hiyohiyo, na harufu peke yake haitoshi kukuhakikishia kuwa ni salama. Vilevile chakula cha kuku cha dukani kisikaribie farasi: baadhi yake huwekwa monensini ya kuzuia kuhara damu, na kiasi ambacho kuku hakisikii huua moyo wa farasi.

Hapo ndipo naingia kwa shemeji yako. Parachichi ni sumu kwa farasi na punda: majani, gome, tunda, hata mbegu, na majani ndiyo makali zaidi. Huvimbisha midomo, kichwa na shingo, na hudhuru misuli ya moyo. Mti uko mbele ya mnyama aliyesafiri saa mbili na ana njaa, matawi yamening'inia kimo cha mdomo, hatauliza. Pumzikeni kwa shemeji, kunyweni chai, ila wanyama wafungwe uani mbali na miti, na mabaki ya kupogoa yasiwe karibu. Akitokea mtoto wa jirani na fungu la majani mabichi kwa upendo, mshukuruni na mkayaweke pembeni.

Msituni kuna mengine mawili ya kuyatambua kabla ya kufunga kamba. Moja ni lantana, kichaka chenye maua madogo ya rangi mchanganyiko na harufu kali ukifikicha jani. Jingine ni ule mmea wa majani yaliyochanika kama unyoya wa ndege, unaojaa mahali palipoungua au palipokatwa miti; wataalamu wa mimea huuita Pteridium aquilinum. Una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na farasi akiula kwa wiki kadhaa huanza kuyumba. Siku tatu hazitamuua, ila mwenye njaa akishauzoea atautafuta na nyumbani. Fyeka mita 2 kila upande wa kamba ya juu, kwa idhini ya msimamizi.

Maji yanahitaji hesabu pia. Farasi anayekula hei kavu hunywa lita 25 hadi 30 hata kwenye baridi, punda 10 hadi 12. Wekeni lita 70 kwa siku. Wanyama wasiingizwe kijitoni. Kila mwenye vinyungu (bustani za mabondeni) Iringa anazijua mita 60 za kuacha kutoka chanzo cha maji, basi kamba ya juu nayo izingatie mita hizo. Mchote kwa ndoo za lita 20. Kasoro ya Juni ni kwamba maji ya asubuhi ni baridi mno, farasi hunywa vidogo, hei inakaukia tumboni, na baada ya siku mbili utumbo unaziba. Kuna dawa nyepesi ya hilo: vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya kawaida kwa kila farasi kwa siku, kimoja kwa punda, mkichanganya na kiganja cha pumba safi zilizoloweshwa, na birika moja la maji ya moto kwenye kila ndoo ya asubuhi. Loweka pia nusu ya hei ya jioni dakika kumi kabla ya kuitoa.

Baridi yenyewe isikutishe. Farasi mkavu aliyeota manyoya ya majira ya baridi, mwenye hei mbele yake usiku kucha, anastahimili nyuzi 5 bila blanketi, kwa sababu hei ikichachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hei, kama kilo 4 kati ya zile 6.5, hutolewa usiku: mbili saa moja, mbili kabla hujaingia hemani. Farasi anayetetemeka anataka hei, na jasho lake likaushwe kwa kusugua na gunia kavu. Blanketi lililoloa ni baya kuliko kutokuwa nalo. Msilaze wanyama bondeni, maana hewa baridi hushuka kama maji na sakitu hukaa chini. Panda mita chache kwenye mteremko, nyuma ya mstari wa miti unaokinga upepo.

Hema zenu ziwe mita 10 hadi 15 kutoka kwenye kamba, upande unaotoka upepo, karibu kiasi cha kusikia. Kamba za hema zisielekee kwa wanyama. Watoto waambiwe jambo moja wanaloweza kulikumbuka: hakuna kupita kati ya farasi wawili waliofungwa, na hakuna kwenda kwenye kamba usiku bila kuita kwanza kwa sauti. Farasi aliyesinzia akiguswa gizani hupiga teke bila ubaya wowote.

Mkifika, na mfike si baada ya saa kumi jioni, legezeni mishipi ya tumbo, mwacheni mnyama apumue dakika 15, kisha maji, kisha vueni tandiko. Tazama mgongo kabla jasho halijakauka. Mgongo wote uloe sawasawa. Kipande kikavu katikati ya majimaji ni mahali tandiko lilipobana mpaka jasho halikutoka, na kesho patavimba. Safisheni kwato zote nne, kokoto zinazoshika kando ya ile sehemu laini ya katikati humchechemesha mnyama kesho yake. Kupe tafuteni ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya mapaja, wang'olewe kwa kuvuta taratibu.

Hapa nina onyo ambalo wafugaji wa ng'ombe wanaokuwa na farasi hulijua wakiwa wamechelewa. Dawa ya josho yenye amitrazi, inayotumika sana kwa ng'ombe wetu, haifai kwa farasi. Inalemaza utumbo, chakula kinasimama, tumbo linaziba. Usimpake, usimnyunyizie, wala usitumie bomba lililobaki na dawa hiyo. Soma kiambato kwenye chupa, si picha ya ng'ombe. Muulize daktari wa mifugo akupe ya jamii ya pairethroidi (pyrethroid) iliyoruhusiwa kwa farasi. Dawa za ndigana na za nagana nazo zisipigwe kwa kukadiria, farasi na punda wana mpaka mwembamba kati ya dozi na sumu.

Mwezi mliochagua ni mzuri kwa sababu nyingine. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huenezwa na visubi wa jamii ya Culicoides wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na hupamba moto mwishoni mwa masika. Baridi ya Juni huwapunguza sana, ila haiwamalizi. Dalili ni homa kali, mashimo yaliyo juu ya macho kujaa na kuvimba, na povu puani. Farasi wengi wanaougua hufa, wakati punda huonekana mzima. Chanjo hutolewa kila mwaka na huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga, kwa hiyo mazungumzo na daktari yawe sasa. Mbung'o hawapo kwenye baridi ya nyanda za juu. Wapo mabondeni, kwa hiyo siku mkitamani kushuka kuelekea Ruaha, farasi wabaki.

Kila asubuhi na kila jioni, kabla ya kulisha, mpime kila mnyama na kuandika. Farasi aliyepumzika ana joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Punda hana joto sawa na la farasi, la kwake ni kama 36.5 hadi 37.8, na mapigo yake yako juu kidogo. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Hesabu vinyesi. Farasi mzima hunya mara 8 hadi 12 kwa siku, na asubuhi chini ya kila mmoja kuwe na mafungu matatu au manne. Mkikuta usiku mzima hakuna kitu, jueni kuna neno.

Dalili za msokoto wa tumbo ni kukataa hei, kugeuka kutazama ubavu, kuparua, kulala na kuamka, kutoka jasho bila kazi. Ondoa chakula chote. Mtembeze polepole dakika kumi hadi kumi na tano, mradi yuko salama kutembea. Mpigie daktari wa mifugo mara moja ukiwa na zile namba ulizoandika. Mapigo yakizidi 60 na ufizi ukiwa mwekundu wa kiza, hilo si la kusubiri asubuhi. Usimnyweshe mafuta ya kula, soda wala maji ya magadi kwa chupa. Farasi hana uwezo wa kutapika, na kinachomiminwa mdomoni mwa mnyama mwenye maumivu huishia mapafuni. Kabla ya safari simama kwenye eneo la kambi na simu mkononi utafute mahali penye mtandao, upawekee alama, na umwulize dereva mmoja wa Canter kama anaweza kuja usiku akipigiwa.

Vifaa vya dharura ni vichache: kipimajoto, bandeji pana, pamba, aidini, mkasi, kikwangulio cha kwato, tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima. Kidonda kioshwe kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi.

Ruhusa ipatikane kwa maandishi. Msitu wa serikali uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa Sheria ya Misitu ya 2002 kuingiza mifugo kwenye hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa, hata kama eneo la kambi limefunguliwa kwa wageni. Barua yako itaje idadi ya wanyama, tarehe, na kwamba mtaleta hei. Msitu wa kijiji unaanzia ofisi ya kijiji. Kitulo usiifikirie: ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kuhusu moto, washeni pale tu mlipoonyeshwa, mkwangue sindano zote mpaka udongo uonekane kwa mita 3 kuzunguka, na ndoo ya maji ikae pembeni usiku kucha. Mkiambiwa hakuna moto kabisa, pikeni kwa gesi bila kubishana; birika la asubuhi litachemka vilevile. Kuondoka, fukieni mashimo ya kwato, tawanyeni kinyesi juani kwenye uwazi au mkibebe, na zoeni mabaki ya hei, maana mbegu zake huota magugu msituni.

Farasi akikatika usiku, msimkimbize. Mara nyingi atasimama mita hamsini akiwatazama wenzake waliofungwa. Mwacheni, tikiseni ndoo yenye pumba kidogo, mmoja amwendee kwa kando. Akiondoka ataifuata njia aliyojia, kwa hiyo mtu mmoja awahi kwenye makutano ya barabara ya malori ya magogo kabla yake. Hapo ndipo farasi hufa, si mdomoni mwa fisi.

Punda aende. Punda aliyezoea wenzake akiachwa peke yake huacha kula, na punda asipokula siku mbili tatu mafuta ya mwili humwagika kwenye damu mpaka ini linashindwa. Hilo huua punda wanene kuliko wembamba. Naye huwatuliza farasi: akishtuka husimama na kutazama, nao hutazama anachofanya. Mvalisheni kengele, ili akitembea usiku msikie. Mzigo wake usizidi kilo 50 pamoja na matandiko, pande mbili zikilingana kwenye mizani ya dukani. Mfungeni mwishoni mwa kamba ya juu, si katikati, upande wa farasi asiyempiga, na juu yake mtandike turubai la mita 2 kwa 3 lililoinamishwa upande wa upepo. Manyoya ya punda hayana mafuta ya kukinga maji kama ya farasi, na ule ukungu wa Mufindi wa alfajiri humlowesha mpaka kwenye ngozi.